Moto ya okazyo: angalia furshi mbele ya kuangalia rangi

Kila mutu anayetoka machimboni na feza kidogo, akishuka Bukavu, anajua njia ya Kadutu. Anapita soko, anapanda upande wa Nyamugo, anauliza bei ya moto. Moto mupya inapita uwezo wake, njo vile anaangukia ile ya okazyo. Inang'aa, kiti ni kipya, moteri inaitika mara moja. Analipa, anapanda, na furaha inafika mpaka kwenye kishimo cha kwanza.

Sisi pia tulifanya vile. Tulinunua moto ya okazyo juu ya ndugu yetu mwenye alichoka kuingia shimoni. Alitaka kubeba watu kwenye njia ya Walungu na Mwenga. Muuzaji alituonyesha moteri, taa na karatasi. Hatukuinama kuangalia miguu miwili ya mbele. Siku ya tatu mafuta yalikuwa yanashuka mpaka kwenye freni, na usukani unavuta kushoto. Ilibidi tujifunze. Kuna kazi mutu anaweza kufanya mwenyewe nyumbani, na kuna ingine hapaswi kujaribu.

Furshi inafanya kazi gani

Furshi, ile wengine wanaita amortisere ya mbele, ni mabomba mawili yanayoteleza ndani ya vikombe viwili. Ndani kuna resori na mafuta. Resori inabeba uzito, mafuta yanazuia resori isiruke-ruke. Moto BMW R12 ya mwaka 1935 njo ilileta furshi ya namna hii, yenye mafuta ndani, kwenye soko. Tangu pale haijabadilika sana.

Mafuta yakiisha, gurudumu linarukia mawe, freni haishiki. Bomba likiwa limepinda, moto inavuta upande. Kwenye lami mutu anavumilia. Kwenye mutelemko wa Ngomo, na watu wawili nyuma na mufuko juu ya tanki, hakuna wa kuvumilia.

Mbele ya kulipa

Shika freni ya mbele, sukuma usukani chini mara tano. Furshi ishuke na kurudi polepole, bila kugonga. Pitisha kidole juu ya bomba: kama kinatoka na mafuta, mupira wa kuzuia mafuta, ule mafundi wanaita spi, umekufa. Simama mbele ya moto, angalia kama mabomba mawili yanalingana. Kisha angalia shingo, pale chini ya taa. Rangi yenye mikunjo ao iliyopasuka inasema moto ilishagonga kitu.

Kazi ya nyumbani

Moto mingi zilizoanguka hazikupinda, zilijizungusha tu. Legeza buloni za chini zinazoshika mabomba, za garde-boue na za ekseli. Shika gurudumu katikati ya magoti, nyoosha usukani, sukuma furshi juu na chini mara kadhaa, kisha kaza. Jaribu hii kwanza, haiombi hata franga moja.

Kama spi imekufa, weka kazye ya Primus chini ya moteri ili gurudumu lining'inie. Mbele ya kuchomoa bomba, legeza kifuniko chake cha juu kidogo tu, juu nyuma yake haitashikika. Toa gurudumu, toa bomba. Ukifungua kifuniko mpaka mwisho, kikandamize kwa mukono na uweke uso mbali: resori inasukuma. Mwaga mafuta ya zamani, toa kipete cha chuma kinachofunga spi, fungua buloni ya chini ya kikombe, vuta.

Osha vyote kwa esanse, mbali na mbabula na watoto. Kama bomba lina kutu kidogo, lisugue na papie-vere laini sana. Kutu ikiwa imechimba vishimo pale spi inapita, usidanganyike: spi mupya itapasuka mu siku chache.

Mbele ya kuingiza spi mupya, ipake mafuta, na vika ncha ya bomba kisashe ili isiikate. Igonge polepole na kipande cha bomba la plastiki chenye upana wake, iingie sawasawa. Weka mafuta ya furshi, kiasi kile kitabu cha moto kinasema, na upime kwa sindano kubwa: pande zote mbili zilingane. Mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika hapana. Ya kupikia hapana kabisa.

Pale pa kusimama

Tulipochomoa bomba la kushoto la moto yetu, tuliona kovu. Liliungwa na poste ya kusude, pale juu ambapo linajificha nyuma ya taa, kisha likasuguliwa na lima na kupakwa rangi. Ndugu yetu alikuwa amebeba watu siku tatu juu ya kovu lile. Mumoja wao alikuwa mama mwenye mutoto mugongoni.

Kwa hiyo tunasema wazi. Bomba lililopasuka, lililokunjika ao lililoungwa, litupwe. Usilinyooshe kwa nyundo, usiliweke kwenye makala, usilipeleke kwa mwenye poste. Chuma kilichopata joto kinapoteza nguvu, na chrome inabanduka. Kama unafikiri limepinda kidogo, libiringishe juu ya kioo cha dirisha: likiruka, peleka kwa fundi mwenye presi na kipimo. Vitabu vya moto mingi vinaweka mwisho kwenye milimita 0.2, ikipita pale, linabadilishwa. Hata bomba la okazyo unalonunua, libiringishe mbele ya kulipa.

Bomba lingine lilitukula feza ile tulikuwa tumeweka juu ya bashi la mvua. Nyumba ilivuja mwezi muzima, mama wa nyumba akanuna, na alikuwa na haki. Lakini usiku mutoto alipopata malaria kali, ni moto ile ile ilimupeleka hospitali, na ilienda sawa.

Sasa ndugu yetu, kila asubuhi mbele ya kupiga kiki, anasukuma usukani mara tano na kuangalia kidole chake. Kikiwa kikavu, anaenda.