Prado kuukuu: Kizazi kipi kitakufaa na kipi kitakufilisi?

WAKENYA wengi wanaotafuta gari la kuhimili barabara mbovu huwa na jina moja vinywani mwao: Toyota Land Cruiser Prado. Mkulima wa Trans Mara hulitamani kwa sababu ya matope ya masika, mfanyabiashara wa Marsabit kwa sababu ya mawe na vumbi, na mkazi wa Nairobi kwa ajili ya safari ya mashambani kila Desemba.

Hata hivyo, anayeingia sokoni na mkopo wa chama cha akiba na mikopo hugundua upesi kwamba jina hilo moja limebeba magari matatu tofauti. Pana Prado ya muundo wa 90, iliyotengenezwa tangu 1996 hadi 2002. Pana ya 120, iliyoifuata hadi 2009. Na pana ya 150, iliyozinduliwa 2009 na kutawala hadi kizazi cha 250 kilipotangazwa Agosti 2023.

Wanunuzi wengi huuliza ni ipi kati ya hizo iliyo bora. Lingekuwa jambo la busara kuuliza ni ipi ambayo maradhi yake mnunuzi ataweza kuyagharimia, maadamu kila kizazi kina maradhi yake yanayojulikana na mafundi.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuondoa utata mmoja. Herufi TX na TZ ambazo madalali hupenda kuzitaja si vizazi. Hizo ni daraja za mapambo na vifaa, na zilitumika katika kizazi zaidi ya kimoja. Anayekuambia anauza "Prado TX" bado hajakuambia anauza gari lipi.

MPAKA WA MIAKA MINANE

Kiwango cha Kenya nambari KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa (KEBS), hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 2025, mathalan, mpaka huo uliangukia magari yaliyosajiliwa mwaka wa 2018.

Maana yake ni kwamba kwa kawaida Prado 90 na 120 haziwezi tena kuagizwa kutoka Japani. Gari la 2002 lilipitwa na mpaka huo kufikia mwaka wa 2010, nalo la 2009 likapitwa kufikia 2017. Yeyote anayekuuzia moja ya hizo anakuuzia gari ambalo limekuwa likitumika humu nchini kwa miaka mingi, na historia yake imeandikwa na mashimo ya barabara zetu na mikono ya mafundi wetu.

Aidha, mnunuzi asihadaike na herufi za nambari ya usajili. Herufi hizo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Kenya, wala hazisemi lilitengenezwa lini. Magari mawili yenye nambari zinazokaribiana huenda yakapishana umri kwa miaka kadhaa.

WANAVYOFANANA

Prado zote tatu zimejengwa juu ya chasisi ya chuma iliyotengana na bodi. Magurudumu ya mbele yana springi zinazojitegemea, huku ya nyuma yakiunganishwa na ekseli moja nzima. Kwa kawaida injini husukuma magurudumu yote manne wakati wote, na dereva anaweza kufunga difu ya kati na kuingiza gia nzito anapokwama.

Kwa hivyo, uwezo wa kutoka matopeni haupishani mno kati ya kizazi na kizazi. Tairi nzuri na dereva mtulivu huchangia zaidi kuliko mwaka wa kutengenezwa. Tofauti inayomgusa mnunuzi mfukoni imo ndani ya injini na chini ya bodi.

PRADO 90: NYEPESI NA KONGWE

Hii ndiyo nyepesi zaidi kati ya hizo tatu, na fundi wa mji mdogo huielewa kwa haraka kwa kuwa haina vifaa vingi vya kielektroniki.

Injini ya petroli ya lita 2.7, inayoitwa 3RZ-FE, ina sifa ya uvumilivu na hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Pia ipo dizeli ya lita 3.0 isiyo na turbo, ijulikanayo kama 5L. Hiyo ni mvivu mno mlimani, lakini anayeishi mbali na miji huisamehe uvivu wake kwa kuwa haina mengi ya kuharibika.

Dizeli yenye turbo, 1KZ-TE, ndiyo inayohitaji uangalifu. Hedi yake ni ya alumini na hupasuka injini ikichemka kupita kiasi. Rejeta iliyoziba au kiasi kidogo cha maji kilichopungua bila dereva kujua chatosha kuleta hasara hiyo. Dalili zake ni maji yanayopungua bila kuvuja nje, mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe usiokoma na oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa.

Hatari nyingine ya kizazi hiki inahusu maisha ya watu. Bolijointi ya chini, yaani kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele, imepangwa kwa namna ambayo uzito wa gari huivuta badala ya kuikandamiza. Ikilika na kuachana, gurudumu hulala na dereva hupoteza usukani. Anayenunua Prado 90 hana budi kubadilisha viungo hivyo pande zote mbili mara moja, hata akiambiwa vilibadilishwa, ila tu kama muuzaji ana risiti ya karibuni na vipuri vyenyewe ni halisi.

PRADO 120: YA WASTANI YENYE SIRI

Kizazi cha 120 kilileta chumba kipana, utulivu zaidi barabarani na usalama ulioboreshwa. Mpangilio wa bolijointi ya chini ulibadilishwa pia. Ndiyo maana wanunuzi wengi huiona kuwa ndiyo yenye wizani mzuri kati ya bei na starehe.

Injini za petroli za kizazi hiki hazina visa vingi. Ile ya lita 2.7 iliyokuja baadaye, 2TR-FE, na ile ya silinda sita ya lita 4.0, 1GR-FE, zote zatumia mnyororo. Kasoro ya hiyo kubwa ni kiu yake tu, na anayeinunua aifanyie hesabu ya petroli kabla ya hesabu ya bei.

Siri imo katika dizeli ya lita 3.0, 1KD-FTV, ambayo pia ilitumika katika baadhi ya Prado 90 kuanzia 2000. Injini hii ina nguvu na hutumia mafuta kwa kiasi, lakini injekta zake hukaa juu ya sili za shaba ambazo hulika. Sili zikishalika, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili. Oili hujaa masizi, masizi huziba chujio lililo chini ya injini, na hatimaye oili hushindwa kupanda. Injini ambayo jana ilinguruma vizuri huenda leo ikasaga vyuma kwa vyuma.

Kinga yake haihitaji utaalamu wa ajabu. Fundi hufungua kisima cha oili na kukagua chujio hilo, kisha hupima injekta na kubadilisha sili. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, mnunuzi aelewe kwamba amejibiwa.

Isitoshe, baadhi ya Prado 120 za daraja la juu zina springi za hewa nyuma. Mpira wake hupasuka kwa uzee na gari huinama nyuma likiegeshwa usiku kucha. Wengi huziondoa na kuweka springi za kawaida, hatua isiyo na ubaya iwapo kazi imefanywa kikamilifu.

PRADO 150: MPYA ZAIDI, GHALI ZAIDI

Mbali na 250 iliyoirithi, hii ndiyo Prado ambayo bado yaweza kuagizwa kutoka ng'ambo chini ya sheria ya miaka minane. Mnunuzi hapa ana chaguo: aagize, alipe ushuru na kupata gari lililokaguliwa kabla ya kusafirishwa, au anunue lililotumika hapa kwa bei nafuu kidogo.

Prado 150 nyingi kutoka Japani zina injini ya petroli ya lita 2.7. Ni injini imara, ila gari lenyewe lina uzito unaozidi tani mbili, na kupanda nalo milima ya Mau likiwa limejaa abiria na mizigo kwahitaji subira.

Soko la Japani lilirejeshewa dizeli mwaka wa 2015 kupitia injini ya lita 2.8, 1GD-FTV. Hutumia mnyororo na ina nguvu za kutosha. Lakini ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo hujisafisha gari linapokwenda mwendo mrefu wa kasi. Linapotumika kwa safari fupi katika misongamano ya Nairobi pekee, chujio huziba na taa za onyo huwaka. Matoleo ya Japani huhitaji pia maji ya urea, na dereva anayeishi mbali na miji mikubwa ajiulize atayanunua wapi.

Kwa ufupi, 150 huharibika mara chache zaidi kwa sababu ya ujana wake. Ila inapoharibika, hukataa kutibiwa na fundi asiye na kompyuta ya kuisoma.

UKAGUZI USIOPASA KURUKWA

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi mpya inayong'aa na viti vilivyoshonwa upya havisemi lolote kuhusu afya ya gari.

Kwanza, lala chini ya gari na utazame chasisi, hasa sehemu ya nyuma karibu na ekseli. Magari yaliyotumika katika maeneo ya theluji ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani, na yale yaliyokaa Pwani kwa muda mrefu hushikwa na kutu. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti butu. Chasisi iliyochomelewa na kupakwa rangi nyeusi ya jana ni sababu tosha ya kuaga na kuondoka.

Pili, fika asubuhi kabla injini haijawashwa. Injini ya dizeli yenye injekta mbovu hujitangaza kwa kugonga ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huipasha moto kabla mteja hajafika.

Tatu, ingiza gia nzito na ufunge difu ya kati, kisha uendeshe polepole kwenye udongo. Magari mengi ya mjini hayajawahi kutumia vifaa hivyo kwa miaka, navyo hukwama kwa kutotumiwa. Gari lisiloweza kufunga difu ni gari la kifahari tu lenye tairi kubwa.

Nne, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, iwapo gari lina injini ya 1KZ, 1KD au ile ya petroli ya lita 3.4. Kutegemea injini na soko, mkanda huhitaji kubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Wala usiiamini mita ya kilomita peke yake, kwa kuwa hurudishwa nyuma.

Mwisho, linganisha nambari ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye kitabu cha umiliki, kisha thibitisha rekodi hiyo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kupitia mtandao wa serikali. Jina la benki likionekana kando ya jina la muuzaji, deni halijalipwa, na pesa zako zisitoke mfukoni kabla benki haijaandika kwamba imeliachilia gari.

NANI ANUNUE IPI?

Anayeishi mashambani, aliye na fundi mzoefu karibu na asiye na haraka ya barabara, atahudumiwa vyema na Prado 90 ya petroli ya lita 2.7, mradi chasisi yake ni nzima.

Familia inayosafiri mara kwa mara kati ya mji na kijiji yaweza kuchagua 120. Ikipendelea dizeli, iitenge gharama ya injekta tangu siku ya kwanza badala ya kuomba zisiharibike.

Mwenye uwezo wa kununua 150 achague petroli iwapo maisha yake ni ya mjini, na dizeli iwapo husafiri mbali kila juma.

Katika hali zote tatu, si busara kumaliza akiba yote kwenye bei ya gari. Anayeweka kando walau sehemu moja kati ya tano ya bei hiyo kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza hatalala macho gari likipiga kelele. Ikiwa pesa zilizopo zinatosha kununua 150 bila kubakisha chochote, 120 nzima yenye akiba benki ni gari bora zaidi kwake.

Naye fundi atakayelikagua awe ni wako, uliyemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana mwajiri mwingine.