Mkanda wa Taimingi: Ubadilishwe Kabla Haujakatika

Mwenye gari hukumbuka kwa urahisi vitu avionavyo kwa macho. Tairi likiisha meno hulibadilisha, taa ikizimika hununua balbu, na oili ikipungua huiongeza. Lakini ndani ya injini nyingi kimo kitu kimoja kisichoonekana, kisichopiga kelele, wala kudai chochote kwa miaka mingi, hata siku moja kikatike ghafula na kuiharibu injini mara moja. Kitu hicho ni mkanda wa taimingi, ambao mafundi wa gereji huuita taiming belti.

KAZI YA MKANDA HUU

Ili kufahamu uzito wa jambo hili, yafaa kwanza kujua injini ifanyavyo kazi. Ndani ya kila silinda imo pistoni, ambayo hupanda na kushuka na kuuzungusha mhimili wa chini uitwao krankishafti. Mhimili huo ndio upelekao nguvu kwenye magurudumu. Juu ya silinda ziko valvu, nazo ni kama milango midogo ya chuma: nyingine hufunguka ili hewa iingie, na nyingine hufunguka ili moshi utoke. Valvu hizo husukumwa na mhimili wa juu uitwao kamshafti.

Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti hapana budi izunguke mara moja tu, wala isizidi wala isipungue. Mkanda wa taimingi ndio uunganishao mihimili hiyo miwili. Una meno upande wa ndani, nayo hushikana na meno ya magurudumu yaliyofungwa kwenye mihimili, ili usiteleze. Injini izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungika mara 25 katika sekunde moja, na mpango wote huo hutegemea mkanda huu mmoja.

Zamani kazi hii ilifanywa na mnyororo wa chuma au na magurudumu ya meno. Gari dogo la Kijerumani liitwalo Glas 1004, lililoanza kutengenezwa mwaka 1962, ndilo la kwanza lililotengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa mpira wenye meno. Mwaka 1966 kampuni ya Fiat ya Italia na ile ya Pontiac ya Marekani zilitoa injini za namna hiyo. Mkanda ulipendwa kwa kuwa ni mwepesi, hauna kelele, na bei yake ni nafuu. Hata hivyo, mpira si chuma, ijapokuwa ndani yake umeimarishwa kwa nyuzi za kioo. Joto huukausha, oili ivujayo huulainisha, vumbi huyala meno yake, na miaka huuchosha hata kama gari halitembei sana.

Si kila gari lina mkanda. Kwa mfano, Toyota Probox zenye injini ya 1NZ hutumia mnyororo. Lakini Subaru za injini ya EJ hutumia mkanda, na kadhalika Hiace nyingi za dizeli zipakiazo abiria. Basi jambo la kwanza la mwenye gari ni kujua injini yake ni ya namna gani. Aulize fundi mwenye ujuzi, au asome kitabu cha gari.

HASARA YA KUNGOJA

Na tuchukue mfano wa mtu mwenye Hiace ya dizeli, apelekaye abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Gari lake limekwisha tembea kilometa 100,000 tangu mkanda ulipotiwa. Kama mwendo wake wa wastani ulikuwa kilometa 50 kwa saa, injini imefanya kazi saa 2,000; na kama ilizunguka mara 2,000 kwa dakika, basi krankishafti imezunguka mara milioni 240. Fundi amemwambia abadilishe mkanda, lakini gari lawaka vizuri asubuhi, na ada za shule zadaiwa. Anasema, "Mwezi ujao."

Mkanda ukikatika mwezi huo, kamshafti husimama, lakini pistoni huendelea kupanda kwa nguvu ya mwendo. Valvu zilizokuwa wazi hugongwa na kupindika. Pengine pistoni yenyewe hupasuka. Injini za dizeli huathirika zaidi, kwa sababu nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo sana. Ziko injini nyingine ambazo valvu na pistoni haziwezi kugongana. Hizo huzimika tu, na zikitiwa mkanda mpya huwaka tena. Lakini asiyejua injini yake ni ya namna gani asibahatishe.

Mkanda, hata pamoja na ujira wa fundi, ni gharama ijulikanayo mapema, na kazi yaweza kumalizika kwa siku moja. Valvu zikipindika, hapana budi kichwa cha injini kifunguliwe na kupelekwa kwa fundi wa mashine, na vyuma vipya vinunuliwe. Muda huo wote gari limesimama, dereva na utingo hawana kazi, na mkopo wa gari wangali wakidaiwa.

Tena iko hatari ipitayo hasara ya fedha. Injini ikizimika katika mteremko wa Mai Mahiu, usukani huwa mzito, na msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Dereva aushike usukani kwa nguvu, akanyage breki kwa nguvu bila kuiachia mara kwa mara, atoke barabarani na kuwasha taa za hatari. Asiuchomoe ufunguo gari likiwa bado linakwenda, kwani usukani waweza kujifunga. Likisha kusimama, asijaribu kuwasha injini tena, wala asiruhusu watu walisukume gari ili liwake. Mkanda ukiwa umekatika au umeruka meno, kila mzunguko huzidi kupinda valvu.

WAKATI WA KUBADILISHA

Kila mtengenezaji ameweka kiasi chake. Wengi huagiza mkanda ubadilishwe kila kilometa 100,000 hivi. Wengine huweka pungufu, na wengine huzidisha. Wengi huweka pia idadi ya miaka, na kitangulia kufika kati ya kilometa na miaka ndicho kifuatwe. Magari mengi ya dizeli ya Toyota yana taa iandikwayo T-BELT katika dashibodi, nayo huwaka kilometa 100,000 zifikapo. Ijulikane kwamba taa hiyo haiuoni mkanda; huhesabu kilometa tu. Mtu aweza kuizima bila kubadilisha kitu.

Kwa ajili hiyo, anunuaye gari lililotumika, hata kama limetoka Japani na kushushwa Mombasa likiwa safi kabisa, asiamini hesabu ya kilometa peke yake. Asipopata karatasi yenye kuonyesha siku mkanda ulipobadilishwa, yafaa aubadilishe mapema.

KAZI ILIYO NZURI

Mwenye gari hana haja ya kuifanya kazi hii mwenyewe, lakini afadhali ajue namna ifanywavyo, ili asidanganywe. Fundi mzuri hungoja injini ipoe, kisha hufungua waya wa betri. Huzungusha krankishafti kwa spana mpaka alama zilizo kwenye magurudumu ya meno zilingane na alama zilizo kwenye injini. Ndipo hulegeza gurudumu la kukaza na kuutoa mkanda wa zamani. Mkanda mpya haukunjwi wala haushindiliwi kwa bisibisi. Hutiwa kwa mikono, na kukazwa kwa kiasi alichoagiza mtengenezaji. Baadaye huizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, naye hutazama kama alama zimerudi mahali pake. Pengine kichwa kimoja hurukwa katika kazi hii, nacho ndicho hicho cha mwisho. Fundi akiwasha gari bila kukifanya, amebahatisha injini ya mtu.

Wakati ule ule yafaa magurudumu ya kukaza na ya kuongoza mkanda yabadilishwe, pamoja na sili zivujazo oili. Katika injini nyingi pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huu. Pampu mbovu ikikwama, yaweza kuukata mkanda mpya. Nayo ikivuja baadaye, kazi yote itafanywa na kulipiwa mara ya pili. Vyuma vinunuliwe katika duka litoalo risiti, na namba zake zilinganishwe na zile za injini kabla ya kulipa. Mkanda wa zamani mwenyewe auombe autazame: ukiwa na nyufa, meno yaliyoliwa au mafuta, atajua kwamba aliwahi.

Kazi ikiisha, tarehe na hesabu ya kilometa ziandikwe katika karatasi, nayo ibandikwe chini ya boneti. Dereva mwingine atakapolishika gari, au mtu mwingine atakapolinunua, hatabahatisha. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ufa wa mkanda huu hauonekani kwa macho, basi huzibwa kwa kuhesabu kilometa na miaka.