Unga inatoka ngambo, mulimaji iko hapa

Mama mudogo wangu analima ku njia ya Kasenga, inje kidogo ya muji. Iko na hektari moja na nusu ya mahindi, kipande ya muhogo, karanga kidogo, na chini karibu na kijito bustani ya lengalenga na matembele. Mwaka uliopita, mwezi wa tano, nilienda kumusaidia kuvuna. Siku ya tatu kamyo ikafika. Mwenye kamyo hakuleta balansi. Alileta ndoo yake mwenyewe, ile ya kugongwa-gongwa pande zote mpaka ikatanuka. Bei ilitoka mu kinywa chake, haikutoka mu kinywa cha mama. Jioni mahindi karibu yote ilikwenda, juu deni ya dawa na minerval ya watoto vilikuwa vinangojea.

Mwezi wa pili wa mwaka huu, mama yule akafika kwangu Katuba. Alikuwa anatafuta pesa ya unga. Yeye mulimaji, anatafuta unga! Nikamupatia mufuko mumoja wa kilo 25, wenye maandiko ya kingereza, uliopita Kasumbalesa. Ile mufuko siye tunaipokea ku kazi kila mwezi, pamoja na mushahara. Aliiangalia sana, kisha akaniuliza:

— Mutoto, bale benye mugodi banakupaka unga ya Zambia kila mwezi. Ya kwangu banaikatalia nini? Nani alikuyaka kuniomba bei, nikamufukuza?

Sikukuwa na jibu. Na tangu siku ile haya inanishika, juu mimi niko delege wa sendika. Kila mara tunapokaa na wakubwa wa kampuni kuzungumuza mapatano ya kazi, ninapigania hesabu ya mifuko: iwe miwili, isiwe mumoja. Hata siku moja sijauliza ile unga inatoka wapi, na nani analipwa juu yake.

Posho haikuanza leo

Muji wetu ulizaliwa mwaka 1910, wakati reli ilifika kutoka kusini. Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911. Watu wa kazi walitoka mbali, na mutu wa kazi anapashwa kula. Mahindi ya Rhodesia ikapanda reli ile ile. Baba zetu na babu zetu walipokea mushahara na posho: unga, nyama, samaki, mafuta, chumvi. Kwa hiyo, kumulisha mutu wa shaba na unga ya ngambo ni desturi ya miaka zaidi ya mia.

Siye wa sendika tunakumbuka Desemba 1941. Ilikuwa wakati wa vita, bei ya vitu ilipanda, mushahara ukabaki chini. Watumishi wa Union Minière wakaacha kazi. Tarehe 9 askari wakafyatua risasi ku uwanja wa mupira, hapa hapa. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake, akafa pale. Tunaiita siku ya mushahara, na ni kweli. Lakini ilikuwa pia siku ya chungu. Mutu alikuwa anaona franka zake ku mukono ni zile zile, na ndani ya chungu bukari inapunguka.

Gécamines ilirithi mambo ya Union Minière, posho pia. Kisha tulijua namna gani iliendelea: mugodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, shaba ikashuka, miezi ya bila mushahara ikaongezeka. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile waliita "départ volontaire". Wengi wao walifanya nini? Walishika jembe. Walienda ku njia ya Kasenga, ya Kipushi, ya Likasi, wakatafuta udongo kwa chifu. Basi tusifikiri mulimaji ni kabila ingine na mutumishi ni kabila ingine. Mara mingi ni jamaa moja: mukubwa iko ku shamba, mudogo iko ku mugodi.

Kasumbalesa ikifungwa

Kila mutu wa Lubumbashi anajua ile siku mama anarudi soko na meka ndogo kuliko ya jana. Mwaka 2016 Zambia ilizuia mahindi yake kutoka, na hapa bei ikaruka. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa musiba wa inchi nzima, juu mvula ilikatika na mahindi ilikauka mu mashamba. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule, mupaka ulifungwa siku kadhaa juu ya ugomvi wa biashara ya vinywaji. Ugomvi ulikuwa wa bière na vinywaji vya sukari, lakini kamyo za unga zinapita barabara ile ile.

Siwalaumu Wazambia. Inchi yoyote inalisha watoto wake kwanza, na ya majirani nyuma. Ninatulaumu siye. Tuko na udongo mingi, tuko na mvula kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, tuko na mito. Na bado chakula ya muji huu inangojea mutu mwingine afungue barrière.

Hatujakosa kujaribu. Wakati Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga, aliomba kila kampuni ya migodi ilime hektari 500 za mahindi. Kampuni zingine zililima kweli, zingine zilijikokota. Wazo lilitoka mu roho nzuri. Lakini ninaona kosa moja ndani: tulimuomba mutu wa shaba ageuke mulimaji, wakati mulimaji iko tayari, anakaa kilometa chache kutoka ku mulango wa mugodi, na hakuna mutu alimuomba kitu. Hakukosa jembe. Alikosa munuzi wa kweli.

Tufanye hesabu

Chukua kampuni moja yenye watumishi 1,000. Kila mutumishi anapokea mifuko miwili ya kilo 25 kwa mwezi. Ni kilo 50, mara miezi 12, ni kilo 600 kwa mwaka. Mara watumishi 1,000, ni tani 600 za unga. Na hapa sijahesabu kantini.

Sasa angalia upande wa shamba. Hektari moja ya mulimaji mudogo, bila mbolea na kwa mbegu ya kujichagulia, inatoa kama tani moja, ao chini yake. Na mbegu nzuri, mbolea na kulima mapema, inaweza kutoa tatu na zaidi. Tuseme jamaa moja ibakize mahindi yake ya kula na iuzishe tani moja tu. Kampuni ile moja ingekuwa munuzi wa jamaa 600 na zaidi, kwa mwaka. Na hapa kwetu kampuni ni nyingi.

Wakubwa watasema: mahindi ya wakulima wadogo iko na maji, iko na kuvu, haifanane. Maneno yale si ya bure. Mahindi inapashwa kukauka mpaka asilimia 13 ya maji ndipo iingie depo. Ikiwekwa mbichi inapata kuvu yenye sumu, na mutu hawezi kuitosha kwa kupika. Lakini nani ataikausha muzuri kama kamyo inafika siku ya tatu na ndoo yake? Mulimaji anauzisha mbichi juu hana hangari, na juu deni inamungoja. Mupatie hangari na bei inayojulikana mbele, utapata mahindi ya kukauka.

Watasema pia: bei ya hapa iko juu. Saa zingine ni kweli. Mbegu na mbolea zinanunuliwa kwa dola, njia ni mbaya, na mahindi inalipa ku kila barrière kama mutu mwenye kosa. Lakini tuulize unga ya ngambo inatugharimu ngapi mu miezi ile mupaka unafungwa. Ile bei hakuna mutu anaiandika mu hesabu ya kampuni. Inaandikwa mu chungu ya mutumishi.

Si kila kitu cha hapa ni safi

Nitasema pia kitu ambacho wenzangu hawapendi nikisema. Kulima karibu na muji si sababu ya kutosha. Walimu wa Fakulte ya Agronomi ya UNILU walipima mboga na udongo mu bustani za Lubumbashi, na wakakuta metali za migodi ndani. Moshi ya kile chimney kikubwa chetu ilianguka miaka mingi upande wa Penga Penga. Mama anayemwagilia lengalenga na maji yanayopita ku kiwanda hana kosa. Kosa ni ya mwenye kumwaga. Lakini siye tunakula. Kwa hiyo sendika inapashwa kuomba maji na udongo vipimwe mbele ya kununua, na gharama ilipwe na yule aliyechafua.

Tena iko jambo la pori. Mulimaji asiye na mbolea anakata miti, anachoma makala, analima miaka miwili ao mitatu, udongo ukichoka anakwenda mbele. Miombo inarudi nyuma kila mwaka. Dawa inajulikana: kugeuza mahindi na karanga, soja ao maharagi, mavi ya kuku, na chokaa juu udongo wetu uko na asidi. Watu wa migodi, munajua chokaa muzuri. Tunaitumia kila siku kutuliza asidi ku kiwanda, na jiwe yake inachimbwa Kakontwe, kule Likasi. Sehemu ndogo yake ingetosha kuamusha mashamba mingi. Na ku Kipopo iko kituo cha INERA, kazi yake ni mambo ya kilimo kama haya.

Tunaomba nini

Ya kwanza: mu mapatano ya kazi yanayokuja, tuandike kwamba sehemu ya unga ya watumishi na ya mboga ya kantini itanunuliwa kwa vikundi vya wakulima wa Haut-Katanga. Tuanze na sehemu ndogo, mufuko mumoja kwa mine, kisha tupande. Lengalenga, sombe na maharagi havihitaji kamyo ya baridi. Leo mutumishi anakula kuku ya Brazil na chinchard ya Namibia, na inje ya mulango mama anatupa tomati zilizooza.

Ya pili: kontra ifanywe mwezi wa tisa, mbele ya mvula, na bei ya chini iandikwe. Mulimaji mwenye kontra anaweza kupata mbegu ku mukopo. Mahindi ipimwe na balansi, mbele ya macho yake. Alipwe mu siku 15, si mu miezi mitatu kama wanavyofanya kwa watu wengine wanaoleta vitu ku kampuni.

Ya tatu: pesa iko. Kode ya migodi ya mwaka 2018 inaomba kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaozunguka mugodi, mbali na ile wanaita "cahier des charges". Kode ile ile inatuma asilimia 15 ya redevance ku sekteri, ku cheferi ao ku komine ya fasi mugodi uko. Tuombe ile pesa ijenge hangari, mashini ya kusaga na njia ya kutoka ku shamba, mbele ya kujenga salle ingine ya fête. Na mwenye kupoteza shamba juu ya mugodi asisahauliwe: yeye njo angekuwa wa kwanza ku liste ya wauzishaji.

Ya ine haingojee wakubwa. Siye wenyewe tuko na likelemba ku kazi. Watu kumi wakiweka likelemba ya mwezi wa tano na wa sita juu ya mahindi, wanaweza kwenda pamoja ku shamba, na balansi yao, kununua wakati bei iko chini, kukausha, kuweka, na kusaga kidogo kidogo mpaka mwezi wa tatu. Mulimaji atapata bei nzuri kuliko ya kamyo. Weye utapata unga kwa bei ndogo kuliko ya mwezi wa pili. Yule atakayekosa ni mwenye ndoo tu.

Mama mudogo wangu alilala kwangu siku mbili. Mbele ya kurudi, aliniomba nimuambie kitu kimoja tu:

— Mwaka ujao nilime ngapi? Nikiongeza hektari, nani atanunua?

Mulimaji wa kilomita kidogo kutoka ku muji wa shaba hapashwi kuuliza swali kama ile. Kuitikia haiko kazi ya serikali peke yake. Ndugu delege, mvula inaanza mwezi wa kumi na moja. Mukikaa ku meza na wakubwa mbele ya hapo, mutaomba mifuko mingapi, najua. Muombe pia itoke wapi.