Kinga Iliyomsahau Anayelalamika

Aprili 1995, siku sita baada ya bomu kuua watu 168 mjini Oklahoma City, Marekani, mtu asiyejulikana alibandika tangazo kwenye ubao wa mtandao wa AOL. Alidai kuuza fulana za kuwakejeli waliokufa, akaweka namba ya simu ya mwanamume wa Seattle asiyehusika kwa lolote. Matusi na vitisho vya kuuawa vikamiminika. Namba hiyo ndiyo aliyofanyia biashara, hivyo hakuweza kuibadili. Aliilalamikia AOL, tangazo likaondolewa, likabandikwa jingine. Kufikia mwisho wa mwezi simu ilikuwa ikilia takriban kila baada ya dakika mbili. Kisha mtangazaji wa redio akalisoma tangazo hewani, akawahimiza wasikilizaji nao wapige.

Mwanamume huyo alikwenda mahakamani, akashindwa. Chanzo ni sheria iliyozaliwa na kesi nyingine ya mwaka uleule. Kampuni ya mtandao ya Prodigy ilikuwa na kanuni za lugha, programu ya kuchuja matusi na wasimamizi wa mijadala. Mtumiaji mmoja alipoiita kampuni ya udalali wa hisa ya Stratton Oakmont matapeli, kampuni hiyo ilidai fidia ya dola milioni 200, na mahakama ya New York ikasema Prodigy inawajibika kama mchapishaji wa gazeti. Mwaka 1991 mshindani wake CompuServe, isiyokagua chochote, ilikuwa imeachiwa. Aliyefagia uwanja wake akabebeshwa lawama; aliyeuacha na taka akaenda zake. Nao wakuu wa Stratton Oakmont baadaye walikiri utapeli!

Ili kurekebisha hilo, wabunge Chris Cox na Ron Wyden waliandika kifungu cha 230, kinachoukinga mtandao usishtakiwe kwa maneno ya watumiaji wake, kikawa sheria Februari 1996. Walifanya vyema: bila kinga, nani angethubutu kufuta uchafu? Lakini mwaka 1997, katika kesi ya yule wa Seattle, mahakama ya rufaa iliamua kwamba hata mtandao ukishaarifiwa, hauwajibiki.

Hapo ndipo palipoharibika. Kinga ikamfunika pia asiyetaka kushika ufagio. Machi 2019, muuaji aliyewaua Waislamu 51 misikitini Christchurch, New Zealand, alitangaza nia yake kwenye jukwaa la mtandaoni la 8chan. Agosti, baada ya muuaji wa El Paso, Marekani, kufanya vivyo hivyo, hata mwanzilishi wa 8chan, Fredrick Brennan, alitaka ifungwe. Iliyochukua hatua haikuwa sheria, ni kampuni ya Cloudflare iliyoondoa huduma yake ya kuilinda 8chan mtandaoni.

Kinga ibaki, ila iwe na sharti: mtandao ukilalamikiwa ujibu ndani ya muda uliowekwa, la sivyo ushtakiwe.