Kazi ya Mwongozaji wa Opera

Opera ni mchezo ambao maneno yake huimbwa. Nalijiuliza: mwongozaji haimbi wala hapigi ala, basi kazi yake nini? Jibu nalilipata kwa Barrie Kosky, aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1967, akaongoza Komische Oper ya Berlin tangu 2012 hata 2022.

Mwaka 2017 alifanya kazi Bayreuth, kwenye jumba lililojengwa na Wagner, mtunzi aliyewachukia Wayahudi. Kosky mwenyewe ni Myahudi. Aliongoza mchezo wa Wagner unaohusu mji wa Nuremberg, na mwisho wake akauweka ndani ya mahakama ya mji ule ule, walimohukumiwa wakuu wa Nazi mwaka 1946. Humo mwimbaji aliyefanana na Wagner alisimama peke yake, kama ajiteteaye.

Muziki ni wa Wagner. Swali ni la mwongozaji.