Mshono wa TIG una vitundu? Kagua haya kabla hujatuma mzigo

Leo naongea na mnaouza vitu vya chuma mtandaoni: stendi, meza, viti.

Mwaka jana nilituma stendi nne kutoka hapa Kagongwa kwenda kwa mteja Geita. Kwenye picha zilikuwa zinang'aa. Wiki ya pili moja ikaachia kwenye kona. Nilipokwangua rangi, mshono ulikuwa na vitundu kama andazi. Hela nikarudisha, nauli nikalipa mimi.

Nilitaka kubadili mashine, kumbe haikuwa mashine. Kabla hujatoa hela, pima hivi: chukua kipande cha chuma, king'arishe kwa grenda, pangusa rodi, kaa pasipo na upepo, chomelea. Mshono ukitoka safi, basi tatizo ni chuma unachotumia au upepo wa unapofanyia kazi. Ukitoka mbaya vilevile, angalia gesi, tochi na nyaya.

1. Vitundu. Gesi haijafunika mshono. Kiangazi huku kwetu upepo unaipeperusha agoni yote. Zuia kwa bati, zima feni. Anzia lita 8 hadi 10 kwa dakika. Usifungulie sana, gesi ikienda kasi inavuta hewa ndani. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakivimba, panavuja. Na mtungi uwe wa agoni tupu. Ile iliyochanganywa na kaboni dioksidi kwa ajili ya MIG inaunguza tangsteni.

2. Ncha ya tangsteni inavimba kama mpira. Umegeuza nyaya. Kwa chuma, tochi inakaa kwenye hasi (-), klampu ya athi kwenye chanya (+). Tangsteni ikigusa chuma kilichoyeyuka imeshachafuka, simama uinoe upya. Noa kwa urefu, usiizungushie mikwaruzo.

3. Cheche na masizi. Hapo kuna kutu, mafuta, rangi au yale magamba meusi ya kiwandani. Safisha sentimita 2 kila upande, na ndani ya bomba pia. Bomba lenye zinki, saga zinki yote kwanza. Moshi wake usiuvute, unaumwa kweli.

4. Ufa mdogo mwisho wa mshono. Umekata moto ghafla. Punguza umeme taratibu, ongeza tone la rodi, halafu tulia na tochi palepale mpaka gesi iache kutoka.

Badili kitu kimoja kimoja, ukibadili vyote kwa pamoja hutajua kilichokuponza ni kipi.

Mimi siku hizi sipaki rangi kabla sijapiga picha ya mshono mtupu. Nikiona kitundu, nasaga pale na kurudia. Rangi na pati vinaficha tu, uzito havibebi. Ile picha namtumia mteja kabla hajalipa.

Kama unachomelewa na fundi, mwombe picha hiyo kabla hujapokea mzigo.