Jitengenezee Vim yako kwenye laptopu ya mtumba

Tuseme unaishi Maili Sita ama Kabatini, na laptopu uliyo nayo ni ya mtumba: RAM ya 4GB, betri inayokaa nusu saa, na Windows uliyoitoa ukaweka Linux kwa sababu ilikuwa inachukua dakika tano kuwaka. Unafungua kihariri cha kuandikia programu, feni inaanza kunguruma kama mashine ya posho. Si ajabu. Vihariri vingi vya siku hizi, VS Code ikiwemo, vimejengwa juu ya Electron, yaani kila ukifungua kihariri unafungua pia injini nzima ya kivinjari cha Chromium iliyojificha ndani. Mashine yako inabebeshwa mizigo miwili kwa mpigo.

Kuna kihariri ambacho kilianza maisha yake kwenye mashine dhaifu kuliko hiyo yako. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Bill Joy aliandika vi kwa ajili ya mfumo wa Unix, akitumia laini ya modemu iliyokuwa ikitambaa kiasi kwamba kila herufi ilikuwa na gharama. Ndiyo maana vi ina zile amri fupi fupi zinazowachanganya wageni: `dd` inafuta mstari, `yy` inaunakili. Miaka kumi na mitano baadaye, mnamo 1991, Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim kwa kompyuta za Amiga, na mwaka 1992 ikafika Unix. Mwanzoni jina lilimaanisha kwamba inaiga vi. Ilipokua likabadilishwa maana, ikawa vi iliyoboreshwa.

Sasa, ukiwa na Ubuntu ama Debian, huenda unadhani Vim unayo tayari. Unaandika `vi`, kitu kinafunguka. Lakini mara nyingi hiyo ni vim-tiny, toleo lililopunguzwa hadi mifupa: halina rangi za msimbo na halina kurasa za msaada. Vijana wengi wanaionja hiyo, wanashindwa hata kutoka (ni `:q!` kisha Enter, mdogo wangu), wanasema Vim ni ya wazee. Hawajaiona Vim bado.

Nikuambie ukweli mapema: njia ya haraka ya kupata Vim kamili ni `sudo apt install vim-gtk3`, na ikiwa una kazi ya mteja ya kumaliza leo jioni, fanya hivyo uendelee na maisha. Kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo kuna faida nyingine. Utajua mfumo wako una nini na umekosa nini, na utajifunza kusoma makosa badala ya kuyaogopa. Kwenye kazi za seva, ambazo unaweza kuzifanya ukiwa Bahati huku mwajiri yuko Nairobi ama Berlin, ujuzi huo ndio unaolipwa.

Kabla ya kuchoma bando

Tafuta Wi-Fi ya rafiki ama ya cyber kwa hatua hii ya kwanza tu. Zinazofuata hazihitaji intaneti.

`sudo apt install git build-essential libncurses-dev`
`git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git`

Usisahau hiyo `--depth 1`. Bila hiyo utapakua historia yote ya Vim, kila badiliko lililowahi kufanywa kwa miaka mingi, na bando lako litaenda na maji. Ukiiweka, unapata msimbo wa sasa peke yake.

Ukishapakua, usikimbilie kujenga. Andika kwanza:

`less vim/runtime/doc/uganda.txt`

Ndiyo, Uganda. Faili yenye masharti ya leseni ya Vim, ile ambayo wanasheria wa makampuni makubwa duniani hulazimika kuisoma, ina jina la jirani yetu. Mwaka 1994 Bram Moolenaar alikaa mwaka mzima Kibaale, kusini mwa Uganda, akisaidia mambo ya maji na usafi katika kituo cha watoto kiitwacho Kibaale Children's Centre. Usichanganye na wilaya ya Kibaale iliyo magharibi. Hii ni Kibaale ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania. Rakai ndiko Ukimwi ulikotambuliwa kwanza nchini Uganda, mwaka 1982, katika mwalo wa wavuvi wa Kasensero kando ya Ziwa Victoria. Wazazi walikufa kwa wingi, watoto wakabaki na nyanya zao ama peke yao.

Bram aliporudi kwao Uholanzi hakuiuza Vim. Aliitoa bure, akaweka ombi: ukiipenda, wachangie watoto wa Kibaale. Halazimishi mtu. Kwa miaka mingi ombi hilo limekuwa likijitokeza kwenye skrini ya kwanza ya Vim, kwa hivyo mtu akiwa Tokyo ama Toronto, asubuhi kabla hajagusa kazi, anakutana na neno Uganda. Michango ilipitia shirika lake la ICCF Holland, na wale wa Canada walikuwa na shirika lao linaloitwa Kuwasha. Kiswahili hicho, hujakisoma vibaya.

Mabasi ya Nairobi kwenda Kampala yanapita Nakuru kila usiku. Ukipanda moja, ukateremka Kampala ukaunganisha hadi Masaka, umebakisha mwendo mfupi ufike Rakai. Tumezoea kudhani programu zote zinatoka mbali na sisi ni wateja tu. Hii imefungwa kamba na kijiji ambacho unaweza kukifikia kwa basi.

Skripti inayouliza maswali

Haya, turudi kwenye ile skrini nyeusi ya amri. Unix si mfumo mmoja, ni ukoo. Kuna Linux ya kila aina, kuna FreeBSD na nduguze, kuna macOS, na kila mmoja anaweka vitu vyake mahali tofauti. Mwandishi wa programu hawezi kujua wewe una upi. Kwa hivyo msimbo wa Vim unakuja na skripti inayoitwa `configure`, ambayo kazi yake ni kukagua nyumba kabla ya fundi kuanza. Una kompaila ya C? Maktaba ya kuchorea maandishi kwenye skrini ipo? Iko wapi? Kila jibu linaandikwa kwenye faili mbili, `config.h` na `config.mk`, ndani ya folda ya `src/auto`. Baadaye `make` inajenga kwa kufuata hizo.

`cd vim/src`
`./configure --prefix=$HOME/.local --with-features=huge --with-compiledby="Jina lako"`

`--prefix` inasema Vim iwekwe kwenye folda yako ya nyumbani, si kwenye folda za mfumo. Hutahitaji `sudo` kuisakinisha, na ukiharibu kitu hujaharibu kompyuta. `--with-features` inachagua ukubwa: `tiny`, `normal` ama `huge`. Usidanganywe na neno `huge` ukadhani laptopu itakufa. Vim iliyojaa kila kitu bado ni nyepesi mno ukiilinganisha na kivinjari. Na `--with-compiledby` ni ya kujivunia tu: jina utakaloandika hapo litaonekana kila mtu akiitisha `vim --version` kwenye mashine yako.

Maandishi yatatiririka. Wengi hutazama pembeni hapa, na hapa ndipo penye elimu yote. Ukiwa umesahau kusakinisha `libncurses-dev`, skripti itasimama ghafla ikilalamika kuhusu `tgetent` na kukuambia usakinishe maktaba ya terminal, ncurses kwa mfano. Hilo ni kosa zuri. Limekuambia ugonjwa na dawa, unasakinisha unaendelea.

Kosa baya ni lile lisilopiga kelele. Tuseme unataka kunakili maandishi ndani ya Vim uyabandike kwenye WhatsApp iliyo wazi kwenye kivinjari. Kwenye skrini za aina ya X11, Vim inahitaji maktaba za X wakati wa kujengwa. Usipokuwa nazo, `configure` haisimami. Inaandika tu `no` mahali fulani katikati ya mistari mingi, inaendelea mbele kama karani aliyepokea fomu yako bila sahihi na hakusema kitu. Unajenga, unasakinisha, unafurahi, halafu kunakili kunakataa na hujui ni kwa nini.

Skripti hii ina adabu ya aina moja: kitu cha lazima kikikosekana inasimama, kitu cha hiari kikikosekana inanyamaza. Kwa vile vitu vya hiari unavyoviomba mwenyewe, mfano `--enable-python3interp`, ongeza `--enable-fail-if-missing`, nayo itasimama ikigundua ulichoomba hakipatikani. Kwa suala la kunakili, sakinisha `libx11-dev` na `libxt-dev` kwanza. (Hiyo itahitaji intaneti tena, kwa hivyo afadhali uziweke ukiwa bado kwa ile Wi-Fi.)

Kisha kuna mtego ambao nauona ukiwatesa watu kuliko mingine yote. Umegundua maktaba haikuwepo, umeisakinisha, umeendesha `./configure` tena, na jibu ni lile lile `no`. Unaanza kudhani umerogwa. Skripti ya Vim huweka kumbukumbu ya majibu ya awali katika `auto/config.cache`, na mara ya pili inasoma humo badala ya kukagua upya. Dawa ni kufuta kumbukumbu hiyo:

`make distclean`

Halafu `./configure` upya, na ile mistari yako yote ya chaguo. Kila ukibadilisha kitu kwenye mfumo, anza na hiyo. Ukiendelea kukwama, fungua `auto/config.log`. Ni ndefu na inatisha, lakini inaeleza kila swali lililoulizwa na jinsi kompaila ilivyolijibu. Nenda mwishoni, panda juu polepole ukitafuta neno `error`.

Stima zikipotea

Sasa andika `make` uende ukanywe chai. Kwenye mashine ya zamani itachukua muda. Kama stima zitapotea katikati na betri yako ndiyo hiyo ya nusu saa, usilie: `make` huangalia faili zilizokwisha kujengwa na kuendelea na zilizobaki. Zikirudi na ikaanza kulalamika kuhusu faili fulani yenye mwisho wa `.o`, hiyo ndiyo ilikatwa katikati ikiandikwa. `make clean`, kisha `make` tena.

`make install`

Toka kwenye akaunti yako uingie tena ili mfumo uione folda ya `.local/bin`, kisha:

`vim --version | grep clipboard`

Ukiona `+clipboard`, umefaulu. Ukiona `-clipboard`, unajua pa kurudi. Endesha pia `vim --version` peke yake utafute jina lako.

Kwa walio na simu pekee: Android imesimama juu ya kiini cha Linux, na programu ya Termux inakupa skrini ya amri halisi. Humo faili hazikai kwenye `/usr` ya kawaida bali ndani ya folda ya Termux yenyewe, na ni kwa mashine za aina hiyo ambapo skripti ya kuuliza kila kitu ina maana. Kuanza, `pkg install vim` inatosha. Kujenga kunaweza kungoja laptopu.

Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Kwa muda watu waliuliza nani atashika usukani wa programu iliyokuwa mikononi mwa mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 30. Christian Brabandt na wenzake waliupokea, na Januari 2024 wakatoa Vim 9.1 kwa heshima yake. Msimbo unaendelea kubadilika karibu kila siku, kwa hivyo baada ya mwezi mmoja ama miwili ingia tena kwenye folda yako, uandike `git pull`, kisha `make distclean`, na uanze upya. Mara hii itakuchukua dakika chache.

Na ukishaifungua, andika `:help uganda`. Kwenye vim-tiny ile ya mwanzo, ukurasa huo haukuwepo.